Ganda la Vizibo Mia Mbili na Arobaini

Mwezi uliopita Mwalimu Anastase alinipigia simu akauliza kama lile ganda bado lipo. Ana wanafunzi wapya wa mwaka wa nne, alisema, na kila akiwachorea kirusi ubaoni wanaona duara tu, kama chapati. Nilimwambia sijui, kwa sababu tangu nimalize mtihani wa taifa nilikuwa Kigali kwa dada yangu, na Rubona, kando ya ziwa, sikuwa nimekanyaga kwa miezi kumi na moja. Jumamosi nikapanda basi. Tante Vene, shangazi yangu, alikuwa anaparua samaki nyuma ya buveti yake, kibanda cha bia na samaki wa kuchoma. Aliniangalia kuanzia viatu mpaka nywele, maana sasa nina nywele, shuleni tulikuwa tunanyolewa wote, akasema, "Bon. Kigali wanakulisha." Hakuuliza kilichonileta. Ganda lilikuwa palepale juu ya kaunta, linaning'inia kwa waya wake, limeshika masizi ya mkaa, na kizibo kimoja kimeanguka upande unaotazama ziwa. Nilisimama chini yake nikalitikisa. Halikulia. Nikalitikisa tena kwa nguvu zaidi, kisha nikaona Tante ameacha kuparua, kisu mkononi, ananitazama. "Haiko kitu ndani," alisema. "Unaniamini ao hauniamini?"

Nina miaka kumi na tisa, na najua huo si umri wa mtu kuandika kumbukumbu. Lakini mwaka niliokuwa na miaka kumi na sita niliuandika karibu siku kwa siku, katika daftari la insha za Kiswahili ambalo Mwalimu Anastase alisahau kulidai mwisho wa muhula. Nilikuwa siongei. Darasani nikiulizwa swali nilijibu nikiangalia dawati, na buveti nilipita na sahani za wateja kama mtu anayepita kanisani watu wakisali. Kila nilichokuwa nimeshindwa kukisema mchana kiliingia katika daftari jioni. Nimelisoma tena juzi. Karibu kila ukurasa una neno "sikusema". Sikusema kwamba nimekosewa alama. Sikusema kwamba maharage yameungua. Na kuna ukurasa mmoja, wa mwezi wa tatu, umeandikwa kwa herufi kubwa, "Leo nimeongea", umepigiwa mstari mara mbili. Ukurasa huo ndio ulionipa taabu.

Nilikaa kwa Tante mwaka ule kwa sababu shule iko karibu na kwake. Mengine ya ukoo hayana kazi hapa. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya buveti, kimetenganishwa na jiko kwa pazia. Kulikuwa na kitanda kimoja, meza, viti viwili, na kila kitu kilichoweza kufunikwa kilifunikwa kwa vitambaa alivyovifuma mwenyewe kwa sindano ya kroshe: meza, redio, hata dumu la maji. Upepo ukitoka upande wa kiwanda cha bia chumba kilijaa harufu ya kimea kilichochemka, na ukitoka ziwani kilijaa harufu ya sambaza, dagaa wa ziwa letu. Nyuma ya redio, chini ya kitambaa, kulikuwa na kopo la plastiki la vidonge. Ndani yake alikuwa amesokomeza pamba. Mwanzoni nilidhani pamba ni ya kuzuia unyevu. Baadaye nikaelewa kwamba ni ya kuzuia sauti. Kopo la vidonge likitikiswa linalia, na pazia letu lilikuwa jembamba, na upande wa pili walikaa wavuvi ambao masikio yao yamezoea kusikia samaki chini ya maji.

Alikuwa amepimwa katika kampeni iliyofanyika kwenye uwanja wa tarafa, watu wamepanga foleni kwa umudugudu, kitongoji kwa kitongoji, mzaha mwingi, na wiki chache baadaye akaitwa peke yake. Homa ya ini ya aina B. Hospitali ikampa kidonge kimoja cha kila jioni, saa moja, kisichokuwa na mwisho. Aliniambia kwa sababu moja tu: ndani ya kisanduku kulikuwa na karatasi ndefu iliyokunjwa, imeandikwa Kiingereza kwa maandishi ya siafu, na yeye alisoma Kifaransa kidogo tu, cha shule ya zamani. "Soma," alisema. "Lakini soma na mudomo imefungwa." Nikasoma nikimwambia kwa kunong'ona. Mimi nilichanjwa nikiwa mtoto, kwa hiyo kwangu karatasi ile ilikuwa kama barua ya mtu mwingine. Nilitafsiri yale niliyoona ni ya muhimu, saa ya kumeza, chakula, kutomeza viwili. Chini kabisa kulikuwa na sehemu ndefu yenye maandishi meusi zaidi kuhusu kuacha dawa. Niliiruka. Hakuna aliyekuwa anawaza kuacha. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza.

Sababu ya siri ile niliisikia mwenyewe, mezani, nikiwa naokota chupa. Wavuvi wawili walikuwa wanazungumza juu ya mama mmoja wa Kanama ambaye majibu yake yalijulikana. "Walimupa sahani yake, kijiko yake, hata kiti," alisema mmoja. "Ikiisha kula, wanamwangia maji ya moto ku kiti." Yule mwingine, Safari, ambaye mama yake ni wa Goma na mdomo wake hauna kizuizi, akasema, "Kiti ilikosa nini?" Wakacheka. Kisha yule wa kwanza akasema, "Fikiria sasa mutu kama ule akuchomee samaki." Tante alikuwa hatua tatu kutoka kwao, anageuza brosheti za nyama motoni. Alicheka pamoja nao, kwa sauti ileile yao, na akamwongezea Safari pilipili bila kuombwa. Usiku ule niliandika kwamba ugonjwa huu haupiti kwenye sahani wala kwenye samaki aliyechomwa, unapita kwenye damu, na kwamba nilijua hilo nikiwa nimeshika chupa zao nne mkononi. Chini yake: sikusema.

Muhula wa pili Mwalimu Anastase alitangaza siku ya sayansi. Kila mmoja achague kitu, akitengeneze kwa vifaa vya nyumbani, akieleze mbele ya wageni. Yeye alikulia Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama mstari wa rula; sisi wa mpakani tulimwogopa kidogo kwa hilo. Nilimpelekea karatasi niliyoandika: kirusi cha homa ya ini B. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Sehemu gani?" Nikasema kwa nje, ganda, kapsidi. "Kwa nini ganda?" Nikasema kwa sababu ni koti lake, linaonekana vizuri kwenye picha. Alivua miwani. "Nani kakwambia ni koti, binti? Koti lake lipo, ni jingine, la mafuta, linavaliwa mwisho kabisa wakati wa kutoka. Ganda ni karakana. Mlango ukishafungwa ndipo kazi inaanza."

Alinieleza kwa siku tatu, wakati wa mapumziko, na nilipenda kwamba hakunitaka nijibu. Kirusi kikiingia katika seli ya ini kinapeleka maandishi yake mpaka kwenye kiini cha seli, na humo maandishi yanakaa kama msumari uliopigiliwa. Kutoka kwenye maandishi hayo seli inatoa nakala, RNA, ambayo mimi niliiita barua. Seli hiyohiyo, bila kujua inamfanyia nani kazi, inatengeneza protini ya ganda. Protini zinashikana mbili mbili, jozi zinashikana na jozi, mpaka duara linafunga. Katika kufunga linameza barua moja pamoja na mwandishi wake, kimeng'enya kimoja. Protini zile zina mikia inayoelekea ndani, ndiyo inayoikamata barua isitoroke. Na ndani ya giza lile mwandishi anaigeuza barua ya RNA kuwa DNA, herufi zikiingia moja moja kupitia matundu ya ganda. Nje ya ganda hawezi kuandika. Ganda likiharibika katika kufunga, hakuna barua, hakuna kirusi kipya. "Wenzako watachonga moyo," Mwalimu alisema. "Wewe utajenga ofisi."

Vifaa havikuwa tatizo. Chini ya kaunta ya Tante kulikuwa na ndoo mbili za vizibo vya chupa. Protini mia mbili na arobaini ni vizibo mia mbili na arobaini, jozi mia moja na ishirini. Nilitoboa kila kizibo kwa msumari, nikavifunga viwili viwili mgongo kwa mgongo kwa waya mwembamba wa kufungia nondo, na kila jozi nikaiachia mkia wa waya wa kuelekea ndani. Kisha nikaanza kuunganisha jozi kwa jozi kuzunguka mpira wa miguu, nikizipanga sita sita, kwa sababu picha ilionyesha sita sita na sita zinapendeza. Baada ya jioni nne nilikuwa na mkeka. Ulilala juu ya mpira kama kitambaa juu ya redio, na haukutaka kupinda. Nilikaa nao mapajani. Tante aliingia kuchukua chumvi, akasimama. "Unafanya nini?" Nikamwambia nataka duara. Alikaa, akapapasa ule mkeka kwa vidole vyake vilivyoungua ungua, kama mtu anayekagua kazi ya mwanagenzi. "Hii ni kitambaa. Ukitaka kofia, unapunguza. Hapa weka tano. Twende kule, tena tano. Itainuka yenyewe." Kesho yake Mwalimu alinithibitishia: mahali kumi na mbili lazima pawe na tano tano, si zaidi wala pungufu, la sivyo ganda halifungi. Aliuliza nimejuaje. Nikasema kwa kroshe. Akacheka peke yake mpaka kengele ikagonga.

Kuanzia hapo tulijenga wawili, jioni, kabla wateja hawajawa wengi. Nilikuwa nafunga waya, yeye anahesabu tano na sita. Mezani palikuwa na sahani moja ya viazi vya Kanama na sombe, majani ya muhogo, tukila kwa zamu kwa sababu mikono ilikuwa na kutu. Na mwezi wa tatu, katika jioni moja ya namna hiyo, aliuliza, bila kuinua macho, "Ni hii njo iko ndani ya mi?" Nikasema ndiyo, ila dogo kiasi kwamba hata darubini ya shule hailioni. "Na kidonge yangu inavunja hii?" Ndipo nilipoongea. Nilimwambia hapana, kidonge kinamshika mwandishi mkono, ganda linabaki. "Na ile musumari ya ku kiini?" Unabaki pia. "Donc, basi haitoke." Haitoki, Tante. "Hata nikikunywa mpaka nizeeke." Nikasema kwa sasa haitoki, lakini Mwalimu ameniambia kuna dawa nyingine zinajaribiwa huko ng'ambo, zinafanya jozi zishikane vibaya, ganda linafunga likiwa tupu au linashindwa kufunga kabisa. Alisukuma jozi moja ya vizibo kwa kidole. "Hiyo njo dawa," alisema. Nilieleza robo saa nzima, nikichora kwa mkaa juu ya karatasi ya kufungia samaki. Sijawahi kuongea hivyo na mtu mzima. Nilipokwenda kulala niliandika kwa herufi kubwa lile neno, nikapiga mstari, nikapiga tena.

Kila nilichomwambia kilikuwa kweli. Nimekikagua baadaye, neno kwa neno, na sikupata uongo. Nilichofanya ni kuishia mahali pazuri pa hadithi, pale palipo na ng'ambo na dawa mpya, kwa sababu macho yake yalikuwa yananitazama mimi na si karatasi.

Ganda lilikamilika kabla ya Pasaka. Tulitoa upepo kwenye mpira, tukauvuta nje kwa tundu moja, tukaliziba, yakabaki matundu madogo kati ya vizibo. Tante hakutaka likae chumbani. Alilitundika juu ya kaunta, na Safari akauliza kama ni taa. "Ni ya mutoto, ya masomo," Tante alisema. "Masomo ya kunywa bia," alisema Safari. "Nyinyi munasoma chupa, sisi tunasoma ndani ya chupa." Wiki hizohizo alikwenda hospitali kuchukua majibu ya damu, akarudi na karatasi mpya, akanipa niisome. Kiasi cha kirusi katika damu: hakionekani. Nilimsomea hivyo. Alichoma tilapia mkubwa tukala mimi na yeye, mlango umefungwa, na kopo lilikuwa palepale nyuma ya redio, pamba ikiwa imejaza mdomo wake. Kila jioni saa moja alipita nyuma ya pazia, akarudi akijifuta midomo. Sikuwa na sababu ya kumfuata.

Siku ya sayansi ilikuwa mwezi wa sita. Nililiteremsha ganda asubuhi Tante akiwa bandarini ananunua sambaza, nikalifunga kwa kitenge, nikalibeba kichwani mpaka shuleni. Njiani nilisikia kitu kinagongagonga, nikafikiri ni kizibo kimelegea. Wageni walikuwa wawili pamoja na mkuu wa shule. Walipofika kwangu nilisema yale niliyokariri, nikiangalia meza: jozi, mikia, matundu, barua. Nilikuwa nimepitisha ndani ukanda wa karatasi wenye herufi, mikia ya waya ikiushika, na niliuvuta kidogo kupitia tundu ili waone. Mgeni wa kike aliliinua ganda kwa mikono miwili. Likalia. Alilitikisa tena akitabasamu. "Na hiki kinacholia ni nini?" Nikainama kuchungulia. Kati ya vizibo viwili, kwenye tundu, kulikuwa na kidonge cheupe kirefu, kimesimama kwa ncha, na nyuma yake kingine, na kingine. Nikasema, "Ni mwandishi." Akaandika katika karatasi yake. Walinipa nafasi ya pili. Ya kwanza ilichukuliwa na moyo uliochongwa kwa sabuni.

Mwalimu Anastase alikuwa amesimama nyuma yao. Wageni walipokwenda kunywa Fanta alikuja akachungulia kwenye tundu kwa muda mrefu, kama anayekagua hesabu. "Waandishi wako ni wengi sana, Clarisse." Nikaanza kukunja kitenge. "Vya nani hivi?" Sikusema. Alivua miwani, akaipangusa kwa tai yake. "Basi usinijibu mimi. Mimi si mgonjwa." Akaondoka. Nimekutana na watu wengi tangu hapo waliotaka kunisaidia kuongea, na wote walisukuma. Yeye alinionyesha tu ni nani anayenidai maneno, akaniacha.

Nilirudi Rubona kwa miguu nikilikumbatia ganda lisilie. Chumbani nilivua kizibo kimoja, nikavimwaga vidonge juu ya kitambaa cha meza. Arobaini na kimoja. Nikatafuta ile karatasi ndefu ya siafu na kusoma sehemu niliyoiruka. Ilisema asiache bila daktari. Ilisema ugonjwa unaweza kurudi kwa ukali na kuliharibu ini, wakati mwingine vibaya sana. Nje Tante alikuwa anagombana na mtu kuhusu ukubwa wa kipande cha samaki, sauti yake ni ileile, yenye afya. Nitaeleza nilichofanya kwa sababu nimejiahidi kusema kweli: niliogopa. Nilichukua vile vidonge arobaini na kimoja nikavirudisha vyote ndani ya kopo, nikasokomeza pamba juu, nikatundika ganda mahali pake na kukaa chini nikijifanya nasoma jiografia. Nilitaka kopo liseme kwa niaba yangu.

Saa moja alipita nyuma ya pazia. Nafikiri siku zote hizo alikuwa anafungua kopo kweli, anatoa kidonge kweli, anakificha kiganjani, na akirudi kaunta anakisukuma ndani ya tundu huku akijifanya anafuta vumbi. Kukitupa asingeweza: choo ni cha wateja wote, na takataka zake huchakurwa na nguruwe wa jirani na watoto wa jirani. Juu ya kaunta hakuna mtu angetia mkono. Nilisikia pamba inatolewa, kisha, "Clarisse. Kuja." Nikaenda. Alikuwa ameshika kopo lililojaa mpaka mdomoni. "Vidonge zangu zimezaa?" "Mi nakuuliza." Nikasema nimevikuta. Alikaa kitandani. Upande wa pili wa pazia Safari alikuwa anaomba bia ya pili, anagonga kaunta kwa chupa. "Ngoja," Tante alimwambia, kisha kwangu, chini chini, "We njo ulisema haitoke. Mi sikubuni. Ulichora. Musumari inabaki, ganda inabaki, na hospitali inasema haionekane. Sasa mi nakunywa juu ya nini? Nikazeeka na siri ndani ya kopo, nikingojea hiyo dawa ya kuvunja?"

Hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Alikuwa ameniamini kama anavyomwamini mtu aliyesoma. Nilikwenda kaunta, nikaliteremsha ganda mbele ya Safari na wenzake watatu, nikarudi nalo nyuma ya pazia. Vizibo viligongana. Nikamwambia sikumaliza siku ile. Nikavuta ule ukanda wa karatasi. Ganda likishaandikiwa ndani, nilisema, lina njia mbili. Moja linavaa koti, linatoka nje, linakwenda seli nyingine. Lingine halitoki. Linarudi palepale kwenye kiini, linafunguka, linaacha DNA yake mlangoni, na humo unapigiliwa msumari mwingine. Ganda linajaza nyumba ileile lilikotoka. Kidonge hakiling'oi, hapana, lakini kinamshika mwandishi, na ganda lisiloandikwa hata likirudi halina cha kuacha. "Haionekani kwa sababu ulikuwa unakunywa, Tante. Si kwa sababu imekwenda." Alilitazama ganda, kisha pazia. Safari alikuwa ameanza kuimba. "Donc ni kama mulevi," alisema taratibu. "Mi namutosha ku mulango ya mbele, anarudi na ya nyuma." Nikasema ndiyo. "Na kidonge?" Kinafanya arudi mikono mitupu. "Siku ngapi?" Nikasema arobaini na moja. "Yewe," alisema. Kisha akatoa kidonge kimoja kwenye kopo, akakiweka juu ya ulimi, akafungua mdomo nikaona, akameza bila maji.

Jumatatu tulikwenda hospitali pamoja. Muuguzi alimgombeza kama mtoto na Tante akakubali kugombezwa, mikono mapajani. Walitoa damu. Majibu yalisema ini linaumwa, na kabla ya wiki mbili macho yake yalikuwa ya njano kama mafuta ya mawese. Alilazwa siku tisa. Buveti ikafungwa, na kufungwa kwake kukasema yote ambayo pamba ilikuwa imeyazuia. Watu wa Rubona walijua kabla sijarudi na nguo zake. Nilikaa katika chumba kile peke yangu, nikila mkate na chai, na nilisubiri nikijua ninachosubiri. Daftari la siku hizo lina mistari miwili mitatu tu kila siku. Joto la mwili. Amekula uji nusu kikombe. Amekataa samaki. Siku ya saba ameuliza kama nimelisha nguruwe wa jirani vidonge, akacheka, akashika ubavu.

Aliporudi alifungua mlango wa buveti, akawasha mkaa, akakaa. Ilikuwa saa kumi, saa ya wavuvi kula kabla ya kuingia ziwani. Wawili walipita wakasalimia kwa mbali wakiwa na haraka ambayo kwa kawaida hawana. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimeshika sahani. Safari alikuja peke yake, akavuta kiti, akakitazama. "Tante, hii kiti njo yako?" "Kaa," alisema Tante, "kama hauogope kiti." Akakaa. "Mi nimekula samaki yako miaka yote, hata mubichi nusu. Kama ni kufa, nilishakufa, na hakuna mutu alinipa ruhusa." Ndipo nikatoka na sahani, nikasema, nikimwangalia usoni, kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa samaki wala kwa kiti, unaambukizwa kwa damu, na kwamba kuna chanjo na aende akachanjwe. Alinitazama kama kwamba meza imeongea. "Kumbe iko na sauti," alimwambia Tante. "Iko nayo," Tante alisema. "Ila inakuja na kuchelewa."

Wengine walirudi polepole, wengine hawakurudi. Ini lake lina kovu. Daktari anasema kovu lilikuwapo zamani, na pia anasema zile siku arobaini na moja hazikusaidia. Kati ya sentensi hizo mbili mimi nimekaa miaka mitatu, na sidhani kuna mtu wa kunihamisha. Anapimwa kila baada ya miezi sita. Ile dawa ya kuharibu ganda bado haijafika kwetu. Ananiuliza kila nikipiga simu, na namjibu bado, halafu nauliza kama amekunywa ya jana.

Jumamosi ile ya mwezi uliopita nilimjibu kwamba namwamini. Akarudi kuparua. Nililiteremsha ganda, nikalipangusa masizi, nikaanza kulifunga kwa kitenge ili nilipeleke shuleni. "Iko na tundu," alisema. Safari alikuwa mahali pake na wenzake, nywele zake zimeanza mvi. Tante alimfungulia chupa, kizibo kikaruka, akakidaka hewani akanipa. Nikakitoboa, nikakifunga kwenye nafasi iliyokuwa tupu. Kopo siku hizi liko juu ya kaunta, kati ya chumvi na pilipili, na halina pamba. Jua lilikuwa limeshazama upande wa Goma nilipomwona anaosha mikono, anajifuta kwenye aproni, analichukua kopo. Lililia, kavu, kama kete ndani ya kikombe. Safari hakugeuza kichwa. "Saa moja," aliwaambia wenzake, wakaanza kutafuta nyavu zao.